KEKI BILA SUKARI: KUTOKA DHIKI HADI KISUKARI

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi nimepewa nafasi niandike machache juu ya keki za ndizi na tende ambazo wenzetu wanapika majumbani na kuuza. Vijana wanadhani keki isiyo na sukari imeletwa na madaktari. Wapi! Hapa Temeke na kule Kinondoni mama zetu walizipika zamani, kwa sababu nyingine kabisa: sukari yenyewe haikuwepo.

Utamu wa kale wa pwani haukutoka dukani. Majahazi ya kaskazi yalileta tende kutoka Uarabuni, asali ilitoka bara, nazi zilikuwa uani. Pangani walilima miwa karne ya 19, kisha vikaja viwanda, TPC kule Arusha Chini miaka ya 1930 na Kilombero miaka ya 1960. Basi tukazoea, chai bila sukari ikawa si chai.

Halafu vita. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera na kiwanda cha sukari cha huko kikaharibiwa. Vita ilipokwisha, 1979, Mwalimu alitutaka tufunge mikanda miezi 18. Jamani, mikanda hiyo ilifungwa miaka! Fedha za kigeni hazikuwepo, vipuri havikuja, na mpaka serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984, sukari ilikuwa ya foleni na ya kujuana.

Sasa Idi imefika, watoto wanakutazama, utafanyaje? Mama zetu walichukua ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, maana ndizi ikiiva wanga wake hugeuka sukari. Wakaziponda, wakatia unga, tui, na yai kama lipo. Aliyebahatika kupata tende aliziloweka kwenye maji moto, akatoa kokwa, akazitwanga. Sufuria juu ya jiko la mkaa, moto kidogo chini, mwingine ukapaliwa juu ya mfuniko. Mwenye asali alijifunza upesi kwamba keki yake inawahi kuungua, kwa hiyo makaa ya juu yapunguzwe, na maji pia, kwani asali yenyewe ni majimaji. Keki ilitoka nzito, maana sukari ikisagwa na siagi ndiyo inayoingiza hewa. Nzito hivyo hivyo, haikubaki hata kipande.

Leo sukari ipo, ingawa mwanzoni mwa 2024 iliadimika tena mvua zilipokwamisha uvunaji wa miwa. Sasa ni miili inayoikataa. Utafiti wa Profesa McLarty wa Muhimbili na wenzake, uliotoka mwaka 1989, ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 katika kila watu wazima 100 vijijini. Upimaji wa kitaifa wa 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hesabu hizo hazilingani sawasawa, moja ni ya vijijini tu, lakini hapa mtaani nani hana ndugu anayekwenda kliniki?

Hapo ndipo ninapotaka tusikilizane. Mama wa 1981 alitafuta utamu wowote ule. Mgonjwa wa leo anatafuta kuupunguza. Tende, asali na sukari guru zote zinapandisha sukari mwilini, na unga wa ngano nao vilevile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unaihesabu asali pamoja na sukari inayotakiwa kupunguzwa. Tunda zima lina nyuzinyuzi, hilo ni afadhali, ila kipande kikubwa ni kikubwa tu. Kumwambia bibi mwenye kisukari "kula tu, haina sukari" ni kumdanganya, hata kama nia ni njema.

Ndiyo maana wenzetu walikubaliana kila keki iuzwe na kikaratasi: ndizi ngapi, tende ngapi, unga kiasi gani. Wateja wengine wanalalamika eti tunawatisha. Wale wa kliniki wanakikunja na kukitia mkobani, wakamwonyeshe nesi.