Nani Shahidi wa Mwalimu? Historia ya Kuthamini Ufundishaji Bora katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki Tangu 1949

Utangulizi

Mhadhiri wa chuo kikuu katika Afrika Mashariki hupimwa kwa mambo matatu: ufundishaji, utafiti na huduma kwa jamii. Katika kanuni za utumishi mambo hayo huandikwa bega kwa bega, lakini uzito wake hutofautiana faili la mwombaji linapofika mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Makala ya kitaaluma ina jina la jarida, tarehe na kurasa zinazohesabika. Kipindi kilichofundishwa vizuri humalizika saa yake inapokwisha, wala hakiachi karatasi katika faili.

Makala haya yanafuatilia jinsi hali hiyo ilivyojengeka, hususan katika Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho ndicho chimbuko la elimu ya juu katika eneo hili. Hoja kuu ni kwamba ufundishaji bora haukukosa thawabu kwa sababu ya dharau tu, bali pia kwa kukosa shahidi. Kila kipindi kilikuwa na shahidi wake, na kila shahidi alipobadilika, kilichotuzwa kilibadilika pia.

Mtahini wa nje

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mwaka 1949, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Asquith ya mwaka 1945, iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi walifundishwa Kampala, lakini shahada ilikuwa ya London. Mihutasari ya masomo ilirekebishwa kwa idhini ya London, na mitihani ilitungwa na kusahihishwa kwa ushirikiano wa walimu wa Makerere na watahini wa London.

Utaratibu huo ulikuwa wa kikoloni, kwani kipimo cha elimu ya Mwafrika kiliwekwa mbali naye. Hata hivyo, ulikuwa na sifa moja isiyopaswa kusahauliwa: kazi ya mwalimu ilifika mikononi mwa mjuzi mwingine wa somo lilelile, kupitia karatasi za wanafunzi wake. Mtahini hakuliona darasa, ila aliyaona matunda yake. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, shahada ikawa ya eneo lenyewe, na desturi ya mtahini wa nje ikaendelea.

Mfano wa Margaret Trowell unaonyesha ubora na udhaifu wa ushahidi wa aina hii. Alianza kufundisha sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, akaongoza shule ya sanaa hadi mwaka 1958. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Gregory Maloba kutoka Kenya, aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala, na Sam Ntiro kutoka Tanganyika, mchoraji aliyekuja kuwa Balozi wa nchi yake London. Wote wawili walirudi kufundisha Makerere. Mtazamo wa Trowell kuhusu sanaa ya Kiafrika umehojiwa na wanazuoni waliofuata, na inafaa uhojiwe. Lakini ufundishaji wake ulizaa walimu, na shule hiyo ikapewa jina lake. Tatizo ni muda. Mnara wa Uhuru ulisimama mwaka 1962, zaidi ya miongo miwili baada ya masomo ya kwanza. Kamati ya vyeo haiwezi kusubiri miaka ishirini ili ijue nani alifundisha vizuri.

Chapisho

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na kila nchi ikabaki na chuo chake. Katika mazingira hayo, chapisho lilipata uzito mpya, na sababu zake zilikuwa za haki. Historia, lugha na jamii za eneo hili zilikuwa zimeandikwa kwa kiasi kikubwa na wageni. Ilibidi wenyeji waandike. Dar es Salaam ilionyesha njia: mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu kuhusu historia ya Tanzania, na mwaka 1972 Walter Rodney, akiwa mhadhiri chuoni hapo, alichapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Isitoshe, chapisho lilionekana kuwa kinga dhidi ya upendeleo: likishasomwa na wahakiki wasiomjua mwandishi, mkuu wa idara hawezi kudai kwamba halipo.

Hata hivyo, wema huo ulikuwa na gharama. Kilichokuwa ushahidi mmojawapo kiligeuka kuwa ushahidi wa kutosha. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya ilipotoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo, machapisho yaliwekewa alama zinazojumlishwa. Mhadhiri anayeshika darasa kubwa la mwaka wa kwanza, akasahihisha mamia ya insha, huyapoteza masaa ambayo mwenzake huyatumia kutafuta alama hizo. Mfumo haumwadhibu kwa kufundisha vizuri, ila humwacha nyuma tu.

Idadi

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Makerere ilifungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia karo, wengi wao wakisoma jioni. Katika muongo wa kwanza wa karne hii idadi ya wanafunzi ilizidi 30,000. Mahmood Mamdani, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2007, alieleza jinsi vitivo vilivyoshindania wanafunzi na karo zao, na jinsi wahadhiri walivyoongeza kipato kwa kubeba vipindi vya ziada.

Hapa fedha zilifuata ufundishaji kwa mara ya kwanza, nao ubora haukufuata. Sababu yake inaeleweka zaidi kwa kulinganisha na Glasgow ya karne ya 18. Huko sehemu ya kipato cha profesa ilitokana na ada iliyolipwa na wanafunzi wake mwenyewe. Adam Smith, aliyefundisha chuoni hapo hadi mwaka 1764, aliutetea utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1776, akiwashutumu maprofesa wa Oxford, waliolipwa bila kujali kama walifundisha. Mwanafunzi wa Glasgow alimlipa mwalimu. Mwanafunzi wa Kampala aliilipia programu. Malipo ya ziada ya mhadhiri yalihesabu vipindi, na kipindi kibaya kina saa zilezile za kipindi kizuri. Kilichotuzwa kilikuwa wingi wa kufundisha.

Tuzo

Nchi nyingine zilijaribu kuitibu kasoro hii kwa tuzo. Kanada ilianzisha tuzo ya kitaifa ya wahadhiri bora mwaka 1986. Uingereza na Ireland ya Kaskazini zikafuata mwaka 2000. Nchini Marekani, Ernest Boyer alipendekeza mwaka 1990 kwamba ufundishaji utambuliwe kuwa mojawapo ya sura za usomi, sawa na ugunduzi. Mwaka 2017 vyuo vikuu vya Uingereza vilianza kupangwa katika madaraja ya dhahabu, fedha na shaba kwa kutumia takwimu za kuridhika kwa wanafunzi, kuendelea kwao na masomo na ajira zao, pamoja na maelezo ya vyuo vyenyewe. Hakuna mkaguzi aliyetumwa kukaa darasani. Funzo kwa Afrika Mashariki ni kwamba tuzo humheshimu mshindi mmoja na kuacha kanuni za cheo zilivyo, ilhali takwimu zinaweza kukisifu chuo bila kumwona mwalimu.

Hitimisho

Eneo hili halihitaji kuanza upya. Desturi ya mtahini wa nje ingali hai, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1980 na lenye makao yake Kampala, lina uwezo wa kuipanua. Mtahini anayesafiri kusoma karatasi za mitihani anaweza pia kuhudhuria vipindi, kusoma maswali na maoni ambayo mhadhiri aliwaandikia wanafunzi, kisha kuandika ripoti itakayoingia katika faili la cheo kwa uzito unaojulikana mapema. Upendeleo ndio hofu iliyokipa chapisho nguvu. Shahidi kutoka chuo cha nchi nyingine huipunguza hofu hiyo.

Jambo hili linaigusa taaluma ya Kiswahili moja kwa moja. Nchini Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, na nchini Uganda, wanafunzi wengi hukutana na lugha hii darasani kabla ya kuizoea kwingineko. Anayeieneza ni mwalimu wa ngazi ya mwanzo, ambaye kazi yake ndiyo ngumu kuliko zote kuithibitisha kwa chapisho. Sera inayokitangaza Kiswahili huku ikimwacha mwalimu huyo bila shahidi inajenga paa kabla ya kuta.