Kukagua Hati na Kumtumia Wakili Kabla ya Kununua Nyumba Ng'ambo ya Mpaka

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi hufikia wakati wakataka nyumba upande wa pili, Mombasa, Arusha au karibu na Namanga, ili waache kulipia gesti kila safari. Fedha huwa tayari. Kinachowaponza wengi ni kuamini nakala ya hati aliyoileta dalali.

Nchini Kenya hatua ya kwanza ni upekuzi katika ofisi ya msajili wa ardhi. Hati ya upekuzi huonyesha jina la mwenye mali, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine au mahakama. Kwa Nairobi upekuzi hufanyika kupitia mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021.

Upekuzi peke yake hautoshi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management iliyokuwa na kiwanja Nyali, Mombasa. Kampuni ilikinunua kwa mmiliki aliyetangulia na ilikuwa na hati. Lakini ugawaji wa mwanzo, wa mwaka 1989, haukufuata sheria, na sehemu hiyo ilikuwa njia ya umma ya kwenda ufukweni. Mahakama ilisema hati haimlindi mnunuzi ikiwa mzizi wake ni mbovu, hata kama alinunua kwa nia njema. Kwa hiyo wakili sasa hupekua kurudi nyuma mpaka ugawaji wa kwanza, na mpimaji huthibitisha mipaka uwanjani.

Asiye raia wa Kenya hupata ardhi kwa mkataba wa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Ardhi ya kilimo ni ngumu zaidi: inahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na bodi hutakiwa kumkatalia mgeni. Viwanja vingi vya bei poa pembezoni mwa miji ya mpakani viko katika kundi hili.

Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mgeni hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Baadhi hukwepa kwa kuandikisha nyumba kwa jina la rafiki au shemeji. Rafiki akifariki, warithi wanakuja na hati yenye jina la marehemu, na mwenye fedha hana cha kuonyesha.

Pande zote mbili, kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenzake kwa nyumba ya familia ipatikane kwa maandishi. Hili husahauliwa sana.

Wakili awe wa mnunuzi, si yule yule wa muuzaji, na awe na leseni ya mwaka huo. Tanzania jina lake hutazamwa katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Kenya, kwa Chama cha Mawakili. Malipo ya awali Kenya kwa kawaida ni asilimia 10, yakishikiliwa na wakili mpaka uhamisho ukamilike. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 vijijini, nao hulipwa na mnunuzi. Fedha taslimu kwenye mfuko wa gari zibaki za dizeli.