Historia ya neno "acha"

Binti yangu ana miaka 11 na huvaa sweta Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Wanaolijua joto la Februari watanielewa. Ndani ya sweta kuna mikono yenye madoa, mengine meusi, mengine bado mekundu. Si mbu, si upele. Anajibandua mwenyewe. Kidonda kikianza kufanya kigaga anakitoa, na ngozi ya pembeni ya kucha anaivuta mpaka damu. Anafanya hivyo akisoma, akitazama katuni, hata akiwa kwenye daladala.

Kwa miaka miwili dawa yangu ilikuwa neno moja: acha! Mama yangu alipokuja kututembelea alileta dawa yake, pilipili ya kupaka vidoleni, kama wanavyopakwa watoto wanaonyonya kidole. "Mtoto hakui kwa kubembelezwa, baba," aliniambia. Pilipili juu ya ngozi iliyochubuka, jamani! Mtoto alilia, nami nilisimama pale nikatazama. Aibu ya usiku ule ndiyo iliyonifanya nianze kusoma.

Kumbe hali hii ina historia ndefu. Mwaka 1875 daktari wa ngozi wa Uingereza, Erasmus Wilson, aliipa jina linaloweza kufasiriwa "michubuko ya kineva". Ni yuleyule Wilson aliyelipia kusafirishwa kwa mnara wa jiwe moja wa Misri ya kale mpaka London, ukasimamishwa kando ya mto Thames mwaka 1878. Mnara upo hadi leo, na lile jina nalo lilidumu kwenye vitabu vya tiba kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1898 Mfaransa Louis Brocq akaeleza habari za wasichana waliokuwa wakichubua chunusi zao hadi kubaki na makovu. Akaziita, kwa lugha yake, chunusi za kujichubua za wasichana. Hebu yatazame majina hayo. La kwanza linasema una neva mbovu. La pili linasema haya ni mambo ya mabinti, ingawa wavulana nao wanajibandua. Hakuna linalosema kwamba mtu huyu anapata taabu. Nami sikuwa mbali na mabwana hao. Jina langu mimi lilikuwa "ukaidi".

Mwaka 1973, huko Marekani, Nathan Azrin na mwenzake Nunn walichapisha makala kuhusu njia ya kugeuza tabia kama kung'ata kucha na kunyonya kidole. Hawakukaripia. Walimfundisha mtu kuutambua mkono wake kabla haujafika unakokwenda, kisha aupe kazi nyingine, kwa mfano kukunja ngumi kwa dakika chache. Watu wa nyumbani kazi yao ilikuwa kusifia juhudi. Baadaye njia hiyo ikatumika pia kwa wanaojibandua ngozi. Niliposoma hapo niliona haya. Kusifia! Mie nilikuwa nahesabu madoa tu.

Lakini kilichonivunja ni cha mwaka 2013. Mwaka huo Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilitoa toleo la 5 la mwongozo wake, na kwa mara ya kwanza kujibandua ngozi kukawa tatizo linalojitegemea. Kati ya vigezo vyake kimo hiki: mhusika awe amejaribu mara kwa mara kupunguza au kuacha. Nilikisoma mara tatu. Yaani kujaribu kuacha ni sehemu ya tatizo lenyewe. Neno nililokuwa nikimpigia kelele, mtoto alikuwa akijiambia kila siku, kabla yangu.

Nikakumbuka soksi nilizokuwa nikizikuta chini ya mto wake, nikamgombeza kwa uchafu. Nilipomuuliza, safari hii kwa upole, alijibu bila kuniangalia: "Nazivaa mikononi nikilala, baba. Ila usiku zinavuka."

Nilimpigia mama simu nikamsimulia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo siku zote alikuwa anajaribu?" Mwezi uliofuata alikuja na mzigo wa milala badala ya pilipili, akamkalisha mjukuu wake mkekani na kumfundisha kusuka ukili. Hajawahi kumsikia Azrin wala Nunn, lakini anajua mkono wenye kazi haurandi.

Sitawadanganya kwamba amepona. Wiki iliyopita kulikuwa na damu kwenye daftari la hisabati. Tumepata mwanasaikolojia, na safari bado ndefu. Ila juzi aliniita jikoni, mikono wazi, bila sweta, akanionyesha ukili wake. Ulikuwa umepinda vibaya. Nikausifia.