Mpako wa wagonjwa: Fahamu nani anapakwa, lini na kwa nini

Padre akiingia wodini na kichupa cha mafuta, baadhi ya ndugu huanza kulia hapohapo. Wanaona kama mgonjwa wao ndiyo basi tena. Wengine huamua kutomwita kabisa, wakiogopa kumtisha mgonjwa.

Hofu hiyo ina historia yake, lakini haiendani na mafundisho ya leo. Moshi na vijiji vya mlimani Kilimanjaro, ambako kanisa na hospitali vimekua pamoja kwa zaidi ya miaka 100, jambo hili linagusa karibu kila familia. Haya ndiyo ya kujua.

Ulianzia wapi?

Injili ya Marko, sura ya 6, inasimulia mitume wakiwapaka wagonjwa mafuta. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unatoa utaratibu: mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana.

Zingatia hapo nani anamfuata nani. Mgonjwa yuko kitandani, kanisa ndilo linalokwenda kwake.

Wakatoliki wanafanyaje?

Kwao ni sakramenti, moja kati ya saba. Anayeitoa ni padre au askofu tu. Katekista au mwanajumuiya anaweza kusali na mgonjwa, lakini hawezi kutoa mpako huo.

Mafuta yenyewe hubarikiwa na askofu kwenye Misa ya kubariki mafuta, ambayo kwa kawaida huadhimishwa wakati wa Juma Kuu, kisha husambazwa parokiani. Kwa dharura, padre anaweza kuyabariki mwenyewe. Mgonjwa hupakwa kwenye paji la uso na mikononi, huku padre akisali.

Zamani uliitwa Mpako wa Mwisho, na hapo ndipo hofu ilipoanzia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962 hadi 1965) ulisisitiza jina la Mpako wa Wagonjwa na kueleza kwamba si wa wanaokata roho peke yao. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alitoa utaratibu mpya, akiruhusu pia mafuta mengine ya mimea pale ambapo ya zeituni ni shida kupatikana.

Kwa hiyo anaweza kupakwa mtu mwenye ugonjwa mzito, anayesubiri operesheni kubwa kwa sababu ya ugonjwa huo, au mzee ambaye nguvu zimemwishia hata kama haumwi ugonjwa maalumu. Akipona kisha akaugua tena, anapakwa tena. Hali ikizidi kuwa mbaya, vilevile.

Na Walutheri?

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lina sakramenti mbili: Ubatizo na Chakula cha Bwana. Kuombea wagonjwa si sakramenti, ila ni sehemu ya kazi ya kanisa. Mchungaji humtembelea mgonjwa nyumbani au hospitalini, humwombea, humwekea mikono na kumpa Chakula cha Bwana.

Makanisa ya Kipentekoste nayo huombea wagonjwa kwa kuwekea mikono na kupaka mafuta, mara nyingi katikati ya ibada. Kwao si sakramenti, ni tendo la imani.

Kilimanjaro: maombi na dawa pamoja

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wale wa Leipzig, Walutheri, wakaweka makazi Machame mwaka 1893. Pande zote mbili zilifuata njia ileile: kanisa, shule, halafu matibabu. Ndiyo maana leo Machame, Kilema na Kibosho zote zina hospitali za makanisa.

Hospitali ya KCMC mjini Moshi ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Jina hilo si la bahati mbaya. Yule Msamaria wa kwenye Injili ya Luka alimwagia majeruhi mafuta na divai, akamfunga vidonda, kisha akalipia gharama za kumuuguza.

Mambo yalipoharibika

Jumamosi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwenye ibada iliyofanyika uwanja wa Majengo, Moshi. Wengine walijeruhiwa. Mhubiri alikuwa Boniface Mwamposa. Waumini walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako wakiamini yatawaponya na kuwafungulia baraka, wakakanyagana. Baadaye polisi walimkamata mhubiri huyo kwa mahojiano.

Miaka tisa kabla, mwaka 2011, maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa Sh500. Wapo waliotolewa hospitalini ili wapelekwe huko, na wapo waliofia kwenye foleni. Kile kilikuwa kikombe cha dawa ya mti, si mafuta. Lakini mgonjwa ndiye aliyelazimika kusafiri, tena wakati hana nguvu.

Ukiwa na mgonjwa, fanya hivi

• Usisubiri azimie. Mwite padre au mchungaji wakati mgonjwa bado anasikia na anaweza kuitikia sala.

• Mwulize mgonjwa kwanza. Ni mpako wake, si wa ndugu.

• Akiwa nyumbani, pitia kwa kiongozi wa jumuiya au ofisi ya parokia au usharika. Akiwa amelazwa, mwambie nesi wa zamu.

• Nyumbani kwa Mkatoliki, andaa meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Vikikosekana, padre ataendelea tu.

• Mpako hauuzwi. Anayekupangia bei ya kuponywa, mkimbie.

• Dawa ziendelee. Za kisukari, presha, TB na za kufubaza VVU haziachwi kwa sababu mtu ameombewa. Anayejisikia amepona arudi hospitali akapimwe, daktari ndiye amwambie aache.

• Ukienda kwenye mkutano wa maombi, angalia milango ya kutokea kabla hujakaa. Watoto na wagonjwa wakae pembeni. Watu wakianza kusukumana, ondokeni mapema.

Na kama mgonjwa wako hawezi kutembea, hana sababu ya kubebwa hadi uwanjani kugombania mafuta. Tuma mtu parokiani au usharikani, watamfuata alipo.