Chuma, Oksijeni na Damu ya Watoto wa Kilombero

Historia ya malaria katika bonde la Kilombero imezoeleka kusimuliwa kwa mbu. Namawala, kijiji kilicho jirani na Ifakara, kiliingia katika maandiko ya sayansi mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya watafiti kukadiria kwamba mkazi mmoja huumwa zaidi ya mara 300 kwa mwaka na mbu waliobeba vimelea. Hesabu hiyo inatisha, na si ajabu kwamba simulizi nyingi huanzia hapo. Hata hivyo, nikipanga pamoja yale yaliyofanyika Ifakara kwa miaka sabini iliyopita, naona kwamba mafunzo yake mazito hayakutoka kwa mbu. Yalitoka ndani ya chembe nyekundu ya damu ya mtoto mchanga, mahali ambapo chuma na oksijeni hukutana, na ambapo ugonjwa na dawa hupigana kwa silaha ileile. Asiyeijua vita hiyo hataelewa kwa nini dawa moja iliponya, nyingine ikaua, na chuma kilekile kikawa baraka Ifakara na balaa Pemba.

Chembe nyekundu haina kiini wala mitambo ya kuzalisha nguvu iliyomo katika seli nyingine. Kazi yake ni moja: kubeba oksijeni kwa kutumia chuma kilichomo katika himoglobini. Kazi hiyo ina hatari, maana chuma na oksijeni vikikaa pamoja bila ulinzi huzaa kitu kinachofanana na kutu, yaani molekuli kali zinazotoboa utando wa seli na kuharibu protini zake. Ulinzi wa chembe hiyo ni glutathioni, na glutathioni hurejeshwa katika hali yake ya kazi kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Sasa kimelea cha malaria kinapoingia humo, hula himoglobini na kubaki na hemu, kipande chenye chuma ambacho ni sumu kwake. Ili kisife kwa chakula chake mwenyewe, huifungia hemu katika fuwele nyeusi, zile chembe za rangi ambazo mafundi wa maabara huziona kwenye darubini. Klorokwini iliponya kwa sababu ilizuia ufungaji huo. Artemisinini hupita njia nyingine: hemu huvunja daraja la oksijeni lililomo katika dawa, na vipande vinavyotokea hushambulia kimelea kila upande. Wakati huohuo mwili wa mgonjwa nao hulipa gharama. Chembe zilizovamiwa hupasuka, na hata nyingi ambazo hazikuvamiwa hukakamaa na kuondolewa na wengu. Mtoto anapauka viganja, na mama anaambiwa kwamba damu ya mwanawe imepungua.

Dalili kwamba dawa yenyewe inaweza kuipasua damu zilionekana mapema katika nchi hii. Robert Koch, alipokuwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1897 na 1898, alichunguza homa ya mkojo mweusi iliyokuwa ikiwaua Wazungu, akahitimisha kwamba chanzo chake ni kwinini. Hakuwa na njia ya kujua kilichomo ndani ya chembe, na hitimisho lake halikumaliza ubishi, lakini swali lake lilikuwa sahihi: kwa nini dawa ileile imponye huyu na kumvunjia huyu damu? Sehemu ya jibu ilipatikana mbali, katika gereza la Stateville huko Illinois, ambako wafungwa walipewa primakwini ya majaribio na baadhi yao, hasa wenye asili ya Afrika, wakapoteza damu ghafla. Mwaka 1956 ilibainika kwamba watu hao walikuwa na upungufu wa G6PD. Miaka mitano baadaye, Anthony Allison na David Clyde walichapisha uchunguzi wao wa watoto wa Tanganyika: wenye upungufu huo walikuwa na vimelea vichache kuliko wenzao. Kwa hiyo kasoro ya ulinzi wa chembe, ambayo inamweka mtu hatarini akimeza dawa fulani, ndiyo iliyokuwa ikimkinga asife kwa malaria. Chembe isiyoweza kustahimili ukali wa oksijeni ni makao mabaya kwa kimelea, kama ilivyo kwa selimundu kwa njia yake nyingine. Malaria imewachagua mababu wa watu wa maeneo kama haya kwa vizazi vingi, na alama ya uchaguzi huo imo katika damu inayopimwa leo hospitalini.

Ifakara yenyewe iliingia katika historia hii kupitia misheni. Wakapuchini wa Uswisi walikuwa na hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na Rudolf Geigy wa Basel alifika mwaka 1949, akavutiwa na wadudu na magonjwa ya bondeni. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 maabara yake ilisimama, na mwaka 1961 kikafuata kituo cha kufundishia wahudumu wa afya vijijini. Miaka mingi ya mwanzo ilikuwa ya papasi na viumbe wengine wanaoeneza maradhi. Mabadiliko ninayoyaona kuwa makubwa yalikuja miaka ya 1990, wakati kituo cha utafiti kilipokuwa kikipita mikononi mwa Watanzania, Andrew Kitua kisha Hassan Mshinda wakikiongoza. Hapo swali lilihama. Wodi za watoto zilijaa wachanga wasio na damu, na kuwaongezea damu katika zama za UKIMWI kulikuwa na hofu yake. Ikawa haitoshi kuuliza ni watoto wangapi wana vimelea. Ilibidi kuuliza ni wangapi wana damu ya kutosha kuishi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Lancet ndio ninaouona kuwa kitovu cha historia hii. Watoto 832 waliozaliwa hospitalini Ifakara waligawanywa katika makundi: wengine walipewa chuma kila siku kuanzia wiki ya 8 hadi ya 24, wengine Deltaprim, dawa ya kukinga malaria, kila wiki hadi wiki ya 48, wengine vyote viwili, na wengine dawa bandia. Chuma kilipunguza upungufu mkubwa wa damu kwa karibu asilimia 29 bila kuongeza malaria. Kinga ya dawa iliupunguza kwa asilimia 57, na malaria kwa asilimia 61 hivi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya damu iliyokuwa ikipotea katika mwaka wa kwanza wa maisha ilikuwa ikiharibiwa na kimelea, wala haikuwa suala la lishe peke yake. Lakini dawa ilipokoma, watoto waliokuwa wamekingwa walipata malaria na upungufu wa damu zaidi kuliko wale ambao hawakukingwa. Mwili ulikuwa umenyimwa nafasi ya kujifunza. Mwaka 2001 timu ya Ifakara ilileta njia ya kati: watoto 701 walihusika, wakapewa SP (sulfadoksini-pirimethamini) au dawa bandia mara tatu tu, pamoja na chanjo za miezi 2, 3 na 9, na wote wakipata chuma. Malaria ilipungua kwa asilimia 59 na upungufu mkubwa wa damu kwa nusu. Ni wazo la unyenyekevu: kuipumzisha damu kwa vipindi badala ya kukifungia kimelea mlango moja kwa moja.

Mpinzani wa hoja yangu ana silaha nzito, nayo inatoka Pemba. Huko, jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki lilisimamishwa kwa upande wa chuma mwezi Agosti 2003, kwa sababu waliopewa walilazwa au kufa zaidi ya wenzao kwa asilimia 12. Je, si ushahidi kwamba Ifakara ilibahatisha? Sidhani. Ifakara chuma kilitolewa kwa wachanga waliofuatiliwa kwa karibu, hospitali ikiwa jirani. Pemba kilitolewa kwa umati bila kumpima kila mtoto. Na ndani ya utafiti huohuo wa Pemba, kikundi kidogo kilichopimwa na kutibiwa vizuri kilionyesha kwamba watoto waliokosa chuma walinufaika. Chuma cha ziada kinachozunguka bila kushikwa na protini huweza kuchochea ukali wa oksijeni na kuwalisha vimelea na bakteria, ilhali kilekile kwa aliyepungukiwa nacho huijenga damu. Tofauti iko katika hali ya chembe inayokipokea.

Pingamizi la pili ni la vyandarua. Mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wadogo, na mshona chandarua hahitaji kujua glutathioni ni nini. Nakubali, na sina haja ya kuipunguza sifa hiyo. Ila tazama namna mafanikio hayo yalivyothibitishwa: Salim Abdulla na wenzake, mwaka 2001, walionyesha kwamba chandarua kilipunguza vimelea kwa asilimia 62 na upungufu wa damu kwa asilimia 63. Hata kazi ya kumzuia mbu ilikuja kupimwa kwa damu ya mtoto.

Kuna tafsiri moja ambayo hoja hii haiiruhusu, nayo inasikika kwa wauza virutubisho: kwamba kama oksijeni kali ndiyo adui, basi dawa ni kumeza vidonge vya kuizuia. Mgonjwa anayetumia dawa mseto yenye artemisinini anahitaji ukali huo ndani ya kimelea, maana ndio unaomponya. Dapsoni nayo inafundisha kipimo. Ilikuwemo katika Deltaprim ya Ifakara kwa kiasi kidogo cha mara moja kwa wiki, na ikawasaidia watoto kubaki na damu. Lakini ilipotiwa katika Lapdap, dawa ya kutibu malaria, ilishusha damu ya wenye upungufu wa G6PD, na dawa hiyo ikaondolewa sokoni mwaka 2008.

Kufikia hapo Tanzania ilikuwa imeiacha klorokwini mwaka 2001, ikapita kwenye SP, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kutoa dawa mseto ya ALu. Kagera, upande wa kaskazini-magharibi, sasa vimeonekana vimelea vyenye mabadiliko ya jeni ya kelch13 yanayohusishwa na kuchelewa kufa kwa artemisinini. Maabara zimeonyesha namna mabadiliko ya aina hiyo yanavyofanya kazi: kimelea kichanga hupunguza kula himoglobini, hemu inayotokea inakuwa kidogo, na dawa inakosa chuma cha kuiamsha. Kinafunga mdomo kwa saa chache hadi dawa ipungue mwilini. Vipimo vya himoglobini vilivyokusanywa kwa watoto wa Kilombero tangu miaka ya 1990 vitafaa tena hapo, kwa sababu kimelea kisichoondoka upesi huendelea kuila damu hata homa ikiwa imeshashuka.