Gramu tano za kokeini na rangi ya mshtakiwa Marekani

SARAFU ya senti tano ya Marekani ina uzani wa gramu tano kamili. Kwa karibu miaka 24, aliyepatikana na hatia ya kulangua kokeini ya vipande, maarufu kama kraki, yenye uzani wa sarafu hiyo alikabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitano katika mahakama ya shirikisho. Mlanguzi wa kokeini ya unga alihitaji kupatikana na gramu 500, yaani nusu kilo, ili kufikia adhabu hiyo hiyo.

Tofauti hiyo ya 100 kwa 1 hutajwa mara kwa mara panapozuka mjadala kuhusu ubaguzi katika utoaji wa hukumu nchini humo. Ajabu ni kwamba sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu popote.

Kraki si dawa tofauti. Hutengenezwa kwa kuchemsha kokeini ya unga pamoja na maji na magadi ya kuokea hadi igande, kisha vipande hivyo huvutwa. Anayevuta hulewa upesi kuliko anayenusa unga, na kipande kimoja kiliuzwa kwa dola chache tu. Ndiyo sababu katikati ya miaka ya themanini kraki ilienea haraka katika mitaa maskini ya miji mikubwa kama New York na Los Angeles, huku unga ukibakia starehe ya wenye nacho.

Kisha kikatokea kifo kilichoitikisa nchi. Len Bias, nyota wa mpira wa vikapu wa Chuo Kikuu cha Maryland, alifariki Juni 19, 1986, siku mbili baada ya kuteuliwa na klabu ya Boston Celtics. Wengi walidhani ameuawa na kraki, ilhali kilichomuua ni kokeini ya unga. Uchaguzi wa Bunge ulikuwa umekaribia na wanasiasa wa vyama vyote viwili walishindana kuonyesha ukali. Rais Ronald Reagan alitia saini sheria hiyo Oktoba 27, 1986, bila ya Bunge kufanya uchunguzi wa kina kuhusu viwango vilivyowekwa.

Haitakuwa haki kudai kwamba ilikuwa njama ya weupe pekee. Baadhi ya wabunge weusi waliiunga mkono, akiwemo Charles Rangel wa Harlem, ambaye wapiga kura wake walikuwa wakishuhudia watoto wao wakiangamia.

Madhara yalitokana na jinsi sheria ilivyofanya kazi. Ilimfunga jaji mikono: hata akiona mshtakiwa ni kijana asiye na rekodi ya uhalifu, hangeweza kushuka chini ya kiwango kilichowekwa. Uamuzi halisi ukahamia kwa kiongozi wa mashtaka, ambaye huchagua kosa la kumshtaki mtu. Njia kuu ya kupunguziwa adhabu ilikuwa kuisaidia serikali kuwanasa wengine. Mlanguzi mkubwa alikuwa na wengi wa kuwataja. Mchuuzi wa kando ya barabara hakuwa na yeyote.

Mnamo 1992, zaidi ya asilimia 90 ya waliohukumiwa kwa kraki katika mahakama za shirikisho walikuwa weusi. Kufikia 2006 kiwango hicho kilikuwa asilimia 82 hivi. Tafiti za kitaifa za miaka ya tisini zilionyesha kuwa kwa idadi, watumiaji wengi wa kraki walikuwa weupe, ingawa ni kweli kwamba kutumia si sawa na kuuza.

Majaji wenyewe hawakukubaliana. Mwaka wa 1991, Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota ilifutilia mbali sheria ya jimbo hilo iliyolinganisha gramu tatu za kraki na gramu 10 za unga. Mwaka wa 1994 Jaji Clyde Cahill wa mahakama ya shirikisho mjini St. Louis alikataa kumfunga miaka 10 kijana mweusi wa umri wa miaka 18, akampa minne. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo mwaka huo huo.

Mjini Los Angeles, mawakili wanaowatetea maskini waliwasilisha orodha ya kesi 24 za kraki walizokamilisha mwaka wa 1991. Washtakiwa wote walikuwa weusi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka wa 1996, kwa kura nane dhidi ya moja, kwamba orodha hiyo haikutosha hata kuilazimisha serikali kufungua faili zake. Mawakili walitakiwa kwanza waonyeshe weupe waliotenda kosa lilo hilo bila kushtakiwa, jambo ambalo bila faili hizo ni vigumu mno kulithibitisha.

Tume ya Hukumu ya Marekani, ambayo huweka miongozo ya adhabu, ilipendekeza mwaka wa 1995 kwamba dawa hizo zilinganishwe. Bunge lilikataa, na Rais Bill Clinton akatia saini uamuzi huo wa kukataa. Ilichukua miaka 15 zaidi kabla ya Rais Barack Obama kuidhinisha, Agosti 3, 2010, sheria iliyoshusha tofauti hiyo hadi 18 kwa 1. Kiwango cha kifungo cha miaka mitano kikawa gramu 28. Waliokuwa wameshahukumiwa hawakunufaika na sheria hiyo hadi Rais Donald Trump alipotia saini nyingine Desemba 2018.

Hata nafuu hiyo ilikuwa na kasoro. Mwanamume mmoja wa Florida aliyehukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 15 kwa chini ya gramu nne za kraki aliomba kesi yake iangaliwe upya. Mnamo Juni 2021 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kauli moja. Kwa vile dawa yake haikufika gramu tano, kosa lake halikuwa miongoni mwa yale ambayo sheria ya 2010 ilibadilisha. Aliyekuwa na nyingi zaidi aliweza kusikizwa. Yeye aliyekuwa na kidogo hakuweza.

Septemba mwaka huo, Bunge la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 361 dhidi ya 66 mswada wa kuondoa kabisa tofauti kati ya kraki na unga. Seneti haikuupigia kura, na mswada huo ukafa pamoja na kipindi cha Bunge hilo Januari 2023.