Turbo: wapi pa kuachilia, wapi pa kuzuia

Leo naandika juu ya kitu ambacho wengi tunakisikia tu kikipiga mluzi wakati lori inapanda mulima. Nilianza kusoma historia ya turbo juu ya lori ya noko wangu, ile iliyokuwa inanilipia minervali.

Ilikuwa inapanda kutoka Uvira kuelekea Bukavu kwa njia ya Ngomo, na noko aliona inachelewa. Fundi mumoja akamwambia: "Muzee, hii nitaipatia nguvu." Akakaza fimbo ya ile vali inayopunguza moshi unaozungusha turbo, akafungua na pompi ya mazutu. Wiki mbili lori ilipanda kama simba. Wiki ya tatu joenti ya kulasi ikaungua, bieli moja ikapinda. Mwaka ule nilikaa nyumbani.

Fundi hakudanganya, nguvu ilikuwepo. Lakini aliitoa bila kuuliza moteri inazunguka mbio kiasi gani wakati inaipokea.

Mswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Moshi unatoka na nguvu, kwa nini upotee bure? Uzungushe gurudumu, na gurudumu lisukume hewa kuingia mu moteri. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alipandisha moteri ya ndege, Liberty, juu ya Pikes Peak kule Colorado, karibu mita 4,300, akaonyesha kwamba turbo inarudisha nguvu iliyoibwa na hewa nyepesi. Sisi wa Bukavu, mita 1,500 hivi, tunamwelewa haraka.

Kazi ikawa ngumu turbo ilipoingia mu magari ya watu. Oldsmobile Jetfire ya 1962 iliweka turbo kwenye moteri ambayo tayari ilikuwa inabana hewa sana, 10.25 kwa 1. Ili petroli isijilipukie, ilikuwa na chombo cha maji yaliyochanganywa na alkoholi. Wenye magari wengi wakasahau kukijaza! Gari ile haikumaliza hata miaka miwili sokoni.

Shida iko wapi? Mizunguko ikiwa chini, pistoni inatembea polepole, na petroli iliyobanwa inakaa mu joto muda mrefu mpaka ijilipukie yenyewe. Njo ile sauti ya kugonga. Mizunguko ikiwa juu kabisa, bieli inateswa na uzito wa pistoni yake: ukiongeza mizunguko mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Turbo nayo inazunguka kupita kiasi na hewa inaingia ya moto. Kwa hiyo presha inapaswa kupanda taratibu, kujaa katikati, kisha kushuka kuelekea mwisho. Mazutu haigongi sawa na petroli, lakini mzigo mzito kwenye mizunguko ya chini, na turbo imekazwa, unabana kulasi na bieli vile vile. Njo ilivyotupata.

Waliolielewa vizuri, kwa maoni yangu, ni Wasweden wa Saab. Mwaka 1977 walionyesha 99 Turbo, kazi ya Per Gillbrand na wenzake. Hawakukimbilia nguvu ya mwisho kabisa. Walichagua turbo ndogo inayoamka mapema, na vali ya kuachia moshi ili presha isipite karibu bar 0.7. Moteri ya lita 2 ikatoa nguvu za farasi 145. Miaka ya 80 ilipoanza wakaleta APC: kifaa kidogo kilichofungwa kwenye moteri, kinasikiliza kama inagonga, na ikigonga presha inapunguzwa palepale.

Miaka ile ile, mu Formula 1, moteri za BMW za lita 1.5 zilipita farasi 1,000 kwa ajili ya kugombania nafasi ya kuanzia, halafu zinatolewa. Noko hana moteri ya kutoa.

Lori ilirudi barabarani na kulasi ya okazio. Fundi wa sasa alirudisha fimbo mahali pake, akaweka saa ya presha kando ya usukani. Noko amechora alama juu ya kioo chake kwa rangi ya kucha ya mke wake. Kwenye kona za Ngomo mshale ukiikaribia, analegeza mguu, anashusha vitesi, anaacha moteri izunguke.